Laki nane kumzalisha mbwa kwa opareshoni usiku, naweka bei zote hapa

Ndugu zangu mnaofuga mbwa, naandika hii kwa sababu wiki tatu zilizopita usiku nilikuwa nimekaa chini sebuleni na simu mkononi, mbwa analia, natafuta mtu wa kuniambia opareshoni ya kumzalisha mbwa hapa Dar ni shilingi ngapi, na kila niliyemuuliza ananijibu inategemea. Sasa mimi nimeshalipa na risiti ziko hapa mezani. Jina la kliniki siliweki maana kuna mambo mawili sijayapenda na bado tunaongea nao, ila bei na huduma nitasema kama zilivyo.

Mbwa wangu anaitwa Tausi, ni Japanese Spitz, ana miaka 3 na kilo 7 tu. Alipandwa na dume la jirani, mchanganyiko wa German Shepherd, liliruka ukuta siku ya mvua sisi tuko ndani. Tarehe niliandika kwenye kalenda na hiyo ilinisaidia sana mbele ya safari, maana mimba ya mbwa ni kama siku 63 hivi na dokta swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo, alipandwa lini. Siku za mwisho nilikuwa nampima joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha kawaida cha famasi kinachoingizwa nyuma. Mbwa kawaida anacheza kati ya 38 na 39, Alhamisi usiku likashuka mpaka 36.8, nikajua ndani ya siku moja hivi anazaa.

Ijumaa saa 9 alasiri akaanza kuchimba mablanketi na kuhema. Saa 11 jioni akaanza kusukuma kwa nguvu kabisa, unaona tumbo lote linajikaza mpaka miguu ya nyuma inatetemeka, na hakuna kinachotoka. Nikasubiri. Nikasema ndio mara ya kwanza labda anachelewa. Saa 12 na kitu ukatoka uchafu wa kijani kibichi uliokolea kama mlenda na hapo moyo wangu ukaingia baridi. Baadaye dokta aliniambia ile kijani ikitoka kabla ya mtoto wa kwanza maana yake kondo la nyuma limeanza kubanduka, mtoto anakosa hewa huko ndani, na kwamba nusu saa ya kusukuma kwa nguvu bila mtoto inatosha kabisa kumpeleka mbwa hospitali. Mimi nilikaa zaidi ya saa moja. Hili naliumia mpaka leo.

Kosa la pili ni kwamba nilimpigia mtu anayezunguka majumbani kuchanja, akaja saa 1 usiku, hakuingiza hata kidole kuangalia mtoto amekaaje, akachoma sindano ya uchungu, akachukua elfu arobaini akaondoka. Jamani kuweni makini na hiyo sindano. Ni oksitosini, inafanya mfuko wa uzazi ukaze, sasa kama mtoto amekwama mlangoni unakaza kwenye kitu kisichopita, mfuko unaweza kupasuka na walio nyuma yake damu inawapungukia. Dokta wa kliniki aliposikia alinyamaza kidogo halafu akauliza tu kachomwa kiasi gani na saa ngapi, na mimi sikuwa najua kiasi gani.

Nikapiga simu kliniki tatu. Ya kwanza wakasema laki tatu na nusu lakini daktari mpaka asubuhi. Ya pili wakataja milioni na laki mbili. Ya tatu wakasema laki tano mpaka tano na nusu, dokta yupo, leta sasa hivi. Nikachukua teksi kutoka Tegeta elfu thelathini na tano, saa 4 usiku tuko mlangoni.

Kiukweli hapo ndani walinifanyia kazi ambayo sijawahi kuona hata kwa binadamu. Dokta ni mwanamama, hakuniuliza hela kwanza, alivaa glavu akapima kwa kidole akasema kuna kichwa kimekwama. Akaweka ultrasaundi, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Watoto watatu. Mmoja moyo haupigi, ndiye huyo wa mlangoni. Wa pili mapigo 210. Wa tatu 160. Akaniambia, "Dada yangu, akiwa juu ya 200 huyo yuko sawa, akishuka chini ya 180 huyo amechoka, tukisubiri tutampoteza." Akanieleza pia kwamba watoto wakiwa wachache tumboni kila mmoja anapata nafasi ya kukua mkubwa, na kwa jike dogo vile, dume kubwa linaongeza hatari. Ndipo msaidizi akaja na karatasi ya kusaini na kuomba laki tatu za kuanzia, nikalipa kwa lipa namba.

Nilimuuliza dokta kwa nini opareshoni hii ni ghali kuliko ile ya kufunga kizazi ya kawaida, akanijibu huku ananawa mikono. Kila dawa ya usingizi anayopewa mama inapita kwenye kondo inaenda kwa watoto, kwa hiyo huwezi kutumia nusu kaputi ile ya bei rahisi inayolaza mbwa masaa, watoto watatoka wamelala na hawatavuta pumzi. Anatumia ya mshipani inayoisha haraka halafu anamweka kwenye gesi na oksijeni, na hiyo mashine na dawa zake ndio pesa. Halafu inabidi wawepo watu wa kupokea watoto, mmoja peke yake hawezi kushona na kuamsha watoto kwa wakati mmoja. Usiku maana yake hao watu wameitwa kutoka majumbani kwao.

Niliruhusiwa kusimama kwenye dirisha la kioo. Yule wa 210 alilia mara tu alipotolewa kwenye ule utando wa kuzaliwa. Yule wa 160 alitoka kama kitambaa kilicholowa. Kijana mmoja msaidizi akamshika kichwa kikiwa chini kidogo, akamnyonya kamasi kwa kile kipira cha mpira tunachotumia kwa watoto wachanga, akaanza kumsugua mgongo na taulo, anasugua, anasimama anasikiliza, anasugua tena. Ilikuwa kama dakika kumi na mimi nilishakata tamaa. Yule kijana hakuacha. Halafu nikaona kamdomo kanafunguka, mara moja, kimya, halafu tena, halafu kakatoa sauti kama mlango unaohitaji mafuta. Nililia pale dirishani. Huyo kijana kama kuna mtu anayemfahamu amwambie namuombea kila siku.

Bili sasa. Kumuona daktari usiku elfu hamsini, mchana wao ni thelathini. Ultrasaundi hamsini. Kipimo cha damu kabla ya usingizi arobaini. Opareshoni yenyewe na usingizi na wasaidizi laki nne na nusu, mchana wanafanya laki tatu na nusu. Kufunga kizazi hapo hapo laki moja, hii nilichagua mwenyewe maana sitaki tena haya, na niliuliza kama maziwa yatakatika nikaambiwa hapana, anyonyeshe kama kawaida, na kweli dang'a, yale maziwa ya kwanza, ilitoka usiku ule ule na watoto wakawekwa kunyonya akiwa bado anayumba na kusinzia. Dripu elfu ishirini. Dawa za maumivu na antibayotiki arobaini na tano. Ile koni ya shingoni ya kumzuia asilambe mshono ishirini na tano. Jumla laki saba na themanini.

Hapa ndio lawama yangu ya kwanza. Kwenye simu nilitajiwa mwisho laki tano na nusu. Nikitoa ile laki ya kufunga kizazi bado inabaki laki sita na themanini, yaani laki na elfu thelathini zaidi ya walichosema. Siwabishii thamani ya kazi, nimeiona kwa macho yangu, lakini mtu anayepiga simu usiku na mbwa anakufa anaenda kukopa kulingana na namba mliyomtajia. Mimi nilimpigia dada yangu saa 7 usiku kuomba elfu mia na hamsini za juu. Semeni namba yenye kila kitu ndani, koni na dawa na dripu vinajulikana kabisa kwamba vitatumika.

Cha pili, siku ya 12 nimerudi kutoa nyuzi, dakika tano, nikaambiwa elfu ishirini. Hakuna mahali iliandikwa. Kwa hiyo jumla yangu ni laki nane kamili bila teksi wala ile arobaini ya sindano.

Kama jike lako ni dogo au limepandwa na dume kubwa, ulizia eksirei kuanzia siku ya 55 hivi, mifupa ya watoto inaonekana na wanahesabika na vichwa vinaonekana ukubwa wake. Pale ni elfu sitini. Ningefanya hivyo ningeenda mchana kwa kupanga na pengine yule wa mlangoni angekuwa hai. Na wale mnaonunua bulldog na French bulldog, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya uzao wao unatoka kwa opareshoni, kwa hiyo kwenu hiyo hela iwekeni pembeni kabla hata ya kumtafuta dume. Na kokote uendako uliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari, pale cheti kiko ukutani na hawakuona tabu nilipokisoma.

Usafi safi sana, sakafu inanukia dawa. Mapokezi ya mchana wanachelewa, tumekaa karibu saa nzima siku ya nyuzi na watoto wako kwenye boksi. Simu ya dharura wanapokea, nilipiga saa 9 usiku siku ya tatu Tausi alipokataa kula na dokta alipokea mwenyewe, akaniambia nimpe mchuzi wa kuku bila chumvi na nimpime joto, asubuhi akala.

Watoto walifungua macho siku ya 13. Nawapima kila asubuhi kwenye mzani wa unga, jana mmoja gramu 790 mwingine 840. Chanjo yao ya kwanza ni wiki ya 6, nitarudi pale pale, na safari hii bei nimeshaiulizia mapema, elfu ishirini na tano kila mmoja pamoja na dawa ya minyoo, na nimewaomba waniandikie kwenye karatasi yenye muhuri wao, wameandika.