Printa nzuri, lakini draiva waliyonipa sitaisahau

Niseme mapema: printa yenyewe haina tatizo. Niliinunua kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo wiki chache zilizopita kwa ajili ya risiti za duka langu la steshenari, na inachapa vizuri. Kilichoniudhi ni draiva waliyonipa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia printa, na kauli za kijana wao wa huduma kwa wateja.

Faili lililokuwa kwenye flashi yao Windows ililitilia shaka: mchapishaji hajulikani. Hilo peke yake halikunitisha, maana watengenezaji wadogo wengi hawatii programu zao saini ya kidijitali, ule muhuri unaoonyesha faili limetoka kwa nani. Cheti cha kutilia saini kinalipiwa. Ila hii ni kampuni kubwa ya printa. Nikampigia kijana. "Dada, zima antivirusi kwanza, itaingia tu." Nizime antivirusi kwenye kompyuta yenye hesabu zote za duka! Nilipokataa, akanitumia faili jingine kwa WhatsApp, huku anaguna.

Hili lilikuwa na saini. Nikabofya kitufe cha kulia cha mausi, nikafungua Properties, kisha Digital Signatures, na jina la kampuni ya printa likaonekana. Wengi huishia hapo. Nikabonyeza Details, na kompyuta ikasema waziwazi kwamba saini hiyo si halali: yaliyomo kwenye faili hayalingani tena na yale yaliyotiwa saini. Huenda liliharibika tu lilipokuwa likitumwa, sikatai. Lakini bahasha ikinifikia lakiri imevunjwa, sianzi kuulizana na tarishi, narudisha.

Nikampigia tena. "Saini si ipo? Sasa unataka nini tena? Wateja wengine wanaweka na hatusikii kelele." Kelele! Mteja aliyelipa pesa taslimu akiuliza swali, anapiga kelele.

Akaongeza kwamba hata programu zenye saini huwa na virusi. Hapo alisema kweli. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilisambazwa likiwa na programu hasidi ndani, na saini ya Piriform, kampuni iliyoitengeneza, ilikuwa halali kabisa. Watu zaidi ya milioni 2 walilipata. Saini inakuambia nani ametia na kama faili limeguswa baada ya hapo, haikuapii kuwa ni salama. Lakini hoja hiyo inanipa haki mimi, si yeye. Kama hata saini halali haitoshi, iliyoharibika nitaiamini vipi?

Mwishowe nikapakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Saini halali, jina sahihi, na muda si mrefu risiti zikaanza kutoka. Kazi hiyo ilikuwa yao, nimeifanya mimi kwa bando langu.

Nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa heshima ya printa. Lakini kila nikiikumbuka ile "unataka nini tena", zinapungua. Nawapa moja, na itabaki moja mpaka waniambie ni nani aliyeligusa faili lile kabla halijanifikia.