Castlevania: ununue mkusanyo upi kwanza, na upi usubiri

Ukimuuliza shabiki wa Castlevania, mfululizo wa gemu za Konami kuhusu vita vya ukoo wa Belmont dhidi ya Dracula, uanzie wapi, atakupa orodha ya mashujaa na miaka ya visa vyao: Leon Belmont 1094, Trevor 1476, Simon 1691, Richter 1792, Alucard 1797, Soma Cruz 2035. Ni orodha nzuri ya kubishania, lakini haifai kwenda nayo dukani. Lament of Innocence, inayoeleza chanzo cha Dracula, ilitoka 2003 kwenye PlayStation 2 na haimo katika mkusanyo wowote (gemu kadhaa za zamani zinazouzwa pamoja) kati ya hii ya sasa ya Konami. Ukishikilia mpangilio wa miaka, utakwama kwenye hatua ya kwanza.

Kipimo bora ni kasoro. Kila gemu katika mfululizo huu ina kasoro inayojulikana. Baadhi ya mikusanyo imezirekebisha, mingine imekuachia uhangaike nazo mwenyewe.

Ya kwanza: Advance Collection (2021, dola 20, PC, PlayStation 4, Xbox One, Switch)

Hii inashika nafasi ya kwanza kwa sababu ya Aria of Sorrow. Shujaa wake, Soma, ni mwanafunzi tu anayejikuta ndani ya kasri la Dracula mwaka 2035, na kila zimwi analoliua huenda likamwachia roho inayompa uwezo mpya. Gemu haikudai ujue ukoo wa Belmont, na hata hivyo ndiyo iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote: Julius Belmont alimmaliza Dracula mwaka 1999, vita ambavyo mashabiki wamevisubiri miaka yote na Konami haijawahi kuvitengenezea gemu.

Tahadhari moja. Aria huisha mapema ukimpiga Graham, bosi wake, bila maandalizi, na wengi huizima wakidhani ni gemu fupi. Tafuta vitabu vitatu vinavyoitwa Ancient Book, kisha uingie kwenye pambano hilo ukiwa umevaa roho za Flame Demon, Giant Bat na Succubus. Hapo ndipo sehemu ya mwisho inapofunguka.

Circle of the Moon nayo imo humu. Ilipotoka 2001, skrini ya Game Boy Advance haikuwa na taa na gemu yenyewe ina giza, kwa hiyo watu waliicheza wakiinamia balbu. Kwenye televisheni tatizo hilo limekwisha. Kasoro ya pili ni kadi za uchawi: uchawi haufanyi kazi mpaka uwe na kadi mbili za aina tofauti, na mazimwi huziangusha kwa nadra. Mkusanyo huu hukuonyesha zimwi lipi linabeba kadi ambayo huna, na hilo peke yake huokoa saa nyingi. Kilichobaki ni kukimbia: lazima ubonyeze upande mara mbili kila unapotaka mbio, na baada ya muda kidole gumba kinalalamika. Gemu ya tatu humu, Harmony of Dissonance, inapendeza macho, ila muziki wake ni mwembamba na kasri zake mbili zinazofanana humpoteza mchezaji. Dracula X ya 1995 ichukulie kama nyongeza tu. Ni ndugu dhaifu wa gemu nyingine ya mfululizo, Rondo of Blood, na pambano lake la mwisho juu ya nguzo zenye mashimo katikati halina huruma.

Ya pili: Dominus Collection (2024, dola 25, PC, PlayStation 5, Xbox Series, Switch)

Kwa thamani ya pesa hii inaishinda ya kwanza, maana ina gemu tatu kubwa za Nintendo DS. Imekuwa ya pili kwa sababu Dawn of Sorrow inaendeleza kisa cha Soma, na ukianza nayo utakuwa umeharibiwa siri ya Aria.

Dawn ilipotoka 2005 ilikuwa na kero moja: ukimwangusha bosi, ulilazimika kuchora muhuri kwa kalamu kwenye skrini ya chini, na mkono ukiteleza bosi anarudishiwa uhai. Hapa muhuri umegeuzwa kuwa vitufe vya kubonyeza, na ramani inaonekana pembeni muda wote. Ila hawajagusa mtego wa hadithi: usipokuwa umevaa Mina's Talisman utakapomkuta adui yako Celia bustanini, unapata mwisho mbaya.

Mitego ya namna hiyo imo pia kwenye nyingine mbili. Katika Portrait of Ruin usiwaue dada wawili, Stella na Loretta. Watibu kwa uchawi wa Sanctuary. Katika Order of Ecclesia waokoe wanakijiji wote wa Wygol kabla ya kumkabili bosi Albus, la sivyo kasri la Dracula hulioni kabisa. Portrait ina uvivu usiofichika: picha nne za mwisho zinatumia tena ramani za zile nne za mwanzo. Ecclesia ndiyo ngumu kuliko zote tatu na ndiyo yenye sura ya kutisha inayostahili jina la mfululizo. Dawn na Portrait zilichorwa kama katuni, na mashabiki wengi hawajaisamehe Konami.

Ya tatu: Symphony of the Night (1997)

Mbona gemu inayosifiwa kuliko zote iwe ya tatu? Ni kwa sababu ya namna inavyouzwa. Haipo Steam, duka la gemu za PC, wala Switch. Wenye PlayStation wanunue Requiem (2018, dola 20), ambayo ina Rondo of Blood pia. Wenye simu wapate toleo la Android au iPhone kwa takriban dola 3, bila matangazo. Usilicheze kwa kugusa kioo. Uchawi wa Alucard, shujaa wake, unahitaji kuzungusha mishale kwa haraka, na kidole kwenye kioo hukosea. Unganisha pedi ya Bluetooth.

Ili usidanganywe na mwisho wa uongo: vaa pete ya dhahabu na ya fedha pamoja kwenye chumba cha saa, shuka chini, pokea Holy Glasses, kisha nenda kwa Richter Belmont, bosi wa kasri la kwanza, na ulipige lile duara la kijani linaloelea, usimpige yeye. Kasri la pili lililopinduliwa linaanza hapo. Kasoro yake ni kwamba ukishapata upanga wa Crissaegrim, hakuna zimwi linalokutisha tena.

Ya nne: Anniversary Collection (2019, dola 20)

Ina gemu nane za zamani, kwa wenye subira. Ukishaanza kuruka katika Castlevania ya kwanza, ya 1986, huwezi kugeuka hewani, na ukiguswa unasukumwa nyuma, mara nyingi shimoni. Ilikusudiwa hivyo. Simon's Quest ni jambo jingine: wanakijiji wanakudanganya, na hakuna atakayekueleza vizuri kwamba kwenye jabali la Deborah lazima upige magoti ukiwa na fuwele nyekundu mpaka kimbunga kije. Kwa Castlevania III chagua toleo la Kijapani, ambalo Grant, mmoja wa wahusika unaoweza kuwacheza, anarusha visu na muziki una sauti zaidi. Bloodlines nayo inamleta John Morris mwaka 1917, baba wa Jonathan wa Portrait, na mjeledi unaomla taratibu kila asiye Belmont halisi.

Lords of Shadow (2010) ni ulimwengu mwingine, na Gabriel Belmont wake hahusiani na orodha ile ya miaka. Inunue kwa punguzo tu. Ya pili yake, ya 2014, ina sehemu za kunyatia ukiwa panya ambazo hata watetezi wake huzinyamazia.

Kuhusu malipo: duka la PlayStation halina akaunti ya Kenya wala Tanzania, kwa hiyo wengi hufungua ya nchi nyingine. Kadi ya salio lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza.