Skopu nyepesi ya kuwindia wanyama wakubwa kwa bajeti ndogo: usinunue namba ya zumu

Wadau karibuni tena, leo tunaongelea kitu ambacho mmekiulizia sana, darubini ya jicho moja ile ya kuweka kwenye stendi, wengine wanaita spotingi skopu, mimi leo nitaiita skopu tu tuende haraka. Siongelei ile ya juu ya bunduki, na kabla hatujafika mbali hili naomba mnisikilize vizuri: bunduki siyo kifaa cha kuangalizia, kila unachokitazama kwa skopu ya bunduki ujue mtutu nao umekielekea, na kile kitu cha kahawia kinachotikisa majani ng'ambo ya bonde kinaweza kuwa binadamu mwenzio. Kwa hiyo skopu ya kutazamia mimi siihesabu kama anasa.

Kazi yake ni nini hasa? Mnyama unamtafuta kwa darubini ya kawaida ya macho mawili, ile 10x42 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha kabisa, skopu inakuja baada ya kumpata ili umjue ni nani. Chukua mfano wa nyati, ukiwa mbali unaona madume matano meusi yote makubwa, lakini dume mzee pale pembe zinapokutana juu ya kichwa pamekuwa pagumu pamekomaa hadi katikati, na dume kijana pale katikati bado pana ulaini na nywele. Hiyo tofauti ni ya upana wa vidole tu, huwezi kuiona kwa mara 10 ukiwa kilomita moja, na kama huna skopu inabidi utembee hadi kule, upepo uwapelekee harufu yako, uwafukuze, halafu ugundue hakuna hata mmoja uliyetakiwa kumpiga.

Sasa tuje kwenye namba maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Ukiona imeandikwa 15-45x60 maana yake inakuza kuanzia mara 15 hadi mara 45, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 60. Wengi wanakimbilia namba ya zumu, mtu anaona 20-60 anasema hii ndio kubwa. Hebu subiri. Naishika hii hapa mbali kidogo na kamera naielekeza dirishani, mnaona kale kaduara keupe kwenye kioo cha jicho? Huo ndio mwanga wote unaoingia jichoni kwako. Hapa ipo mara 15, 60 gawanya kwa 15 ni milimita 4, kaduara kamejaa vizuri. Nazungusha zumu polepole, kanapungua, kanapungua, nimefika 45 mnaona kamebaki kama kichwa cha pini, milimita 1.3 tu. Na mnyama mkubwa anatoka lini? Alfajiri na jioni, muda ambao mboni ya jicho lako imefunguka inataka mwanga mwingi, halafu wewe unaipa milimita moja. Ndio maana mtu anakwambia skopu yangu inaona giza jioni, skopu haina ubaya wowote, ni hesabu tu. Mimi nikipata milimita 2 na kuendelea naridhika, kwa hiyo lenzi ya 50 naitumia hadi mara 25, lenzi ya 60 hadi mara 30, ya 65 hadi 32 hivi, huko juu kwingine ni kwa saa za mwanga mkali.

Na saa za mwanga mkali nazo zina shida yake, jua likishapanda ardhi inapata moto, hewa inaanza kucheza, ukiangalia kwa mara 50 pembe zinayeyuka zinatikisika kama ziko ndani ya maji, hapo hata ungekuwa na skopu ya bei mbaya kuliko zote duniani utarudi mara 25 au 30 tu. Sasa niambie, ile 60 uliyoilipia unaitumia saa ngapi?

Uzito. Skopu za lenzi ya 80 au 85 nyingi zinacheza kati ya kilo moja na nusu na mbili, bado stendi. Za 50 zipo nyingi chini ya gramu 800. Ukiwindia kwenye gari chukua 80 na hakuna atakayekuuliza, maana mwanga wake ni mwingi kweli, lenzi ya 80 inakusanya karibu mara 1.8 ya lenzi ya 60. Lakini wewe wa kutembea na begi mgongoni kutwa nzima, ile nzito siku ya tatu utaiacha kambini, na skopu iliyobaki kambini haimtambui mnyama yeyote.

Kwa mifano, Kowa TSN-501 ni 20-40x50 na ina gramu kama 400, kwa wepesi ni ngumu kuishinda, ila kioo chake siyo cha ED, kile kinachozuia rangi zisitawanyike, kwa hiyo usitegemee makubwa ukifika mara 40, na inaanzia mara 20 ambapo eneo unaloliona ni dogo kidogo kwa kutafuta mnyama. Celestron Hummingbird 9-27x56 mimi naipenda kwa mtu wa bajeti, ina kioo cha ED na haifiki gramu 700, na hata ukiifikisha mwisho bado unapata ile milimita 2 yako, watu wanaidharau kwa sababu ya hiyo 27. Vortex Diamondback HD 16-48x65 inavuka kilo moja, ila jioni lenzi ya 65 inalipa, na dhamana yao ni ya maisha. Halafu Vortex Razor HD 11-33x50, gramu 700 na kitu, kioo kizuri mno, lakini bei yake siyo ya bajeti ndogo, hiyo itafute iliyotumika.

Nimetaja kioo cha ED, faida yake utaiona ukiangalia pembe nyeusi ikiwa na mbingu nyeupe nyuma yake, kioo cha kawaida kinaweka mstari wa zambarau au kijani pembeni na ncha ya pembe inapotea humo. Zaidi ya hapo hakikisha haipitishi maji na ndani imejazwa gesi ya naitrojeni au agoni isishike ukungu, na kama unavaa miwani tafuta ambayo jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo.

Iliyonyooka au iliyopinda? Iliyonyooka unamlenga mnyama haraka na inafaa sana kwenye gari. Iliyopinda nyuzi 45 inakuruhusu kushusha stendi chini, na mkiwa wawili mrefu na mfupi mnaangalia bila kurekebisha chochote. Mimi nachukua iliyopinda.

Jamani stendi, stendi! Ile hela uliyookoa kwa kutonunua lenzi kubwa iweke hapa. Skopu ya kawaida kwenye stendi imara inaishinda skopu ya kifahari kwenye stendi inayotetemeka, maana ukikuza mara 30 na mtikisiko nao umekuzwa mara 30. Usiipandishe ile nguzo ya katikati, kaa chini, tandaza miguu, ning'iniza begi katikati, na kama kuna upepo punguza zumu.

Ukienda kununua usipimie ndani ya duka, omba utoke nje, ikiwezekana jua likiwa linazama. Tafuta tawi jeusi lenye mbingu nyuma yake ucheki ile zambarau, kisha tafuta maandishi ya mbali kabisa, kibao chochote, anza na zumu ya chini upandishe taratibu huku unafokasi. Kuna namba utaifikia maandishi yanaendelea kuwa makubwa ila hayasomeki vizuri zaidi, hiyo ndiyo zumu halisi ya hiyo skopu, iandike kwenye simu, halafu shika skopu inayofuata ulenge kibao kile kile. Haya, tukutane video ijayo.