Waya za pini tatu: nilishazitukana, sasa sijui niseme nini

Mnivumilie, naandika na hasira zangu.

Spika zangu ni zile za studio zenye amplifaya ndani, nilinunua mtumba. Nyuma zina tundu la RCA, lile dogo la duara kama la nyuma ya TV, na lile la pini tatu kama la maiki ya kanisani. Nikipiga muziki wa simu, safi kabisa. Nikichomeka king'amuzi tu, mmmmmm, kama nyuki ndani ya debe, hata nikipunguza sauti ya king'amuzi mpaka mwisho.

Kipindi cha baridi nikateremka Mwanjelwa, Mbeya, kwenye duka moja la vifaa vya muziki. Jamaa kajikunyata ndani ya koti, chai mkononi, hata uso hakuinua. "Anko, hizo RCA ni singo endi. Chukua balansi." Maelezo aliyatoa vizuri, sitamnyima haki yake: RCA sauti inapita waya mmoja na kurudi kwa wavu wa nje, uleule ulioshikana na ethi. Ya pini tatu inabeba sauti mara mbili, moja imegeuzwa. Spika inachukua tofauti ya hizo mbili, na uchafu ulioingia njiani kwa usawa unajifuta wenyewe. King'amuzi hakina tundu la pini tatu, kwa hiyo akanipa na vichwa viwili vya kugeuzia. Elfu themanini ikaenda.

Nyumbani: mmmmmm.

Nikarudi. Jamani, nilirudi kwa adabu, na shikamoo ya vijana niliipokea. Akanisikiliza nusu, akasema, "Mzee, labda masikio yako ndiyo yanavuma." Mabinti wawili waliokuwa wakichagua chaja wakacheka. Kisha akanyoosha mdomo kuelekea karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: mali ikishauzwa hairudi. Jana yake nilikuwa anko, leo mzee mwenye masikio mabovu! Ndani ya bajaji majibu matamu yakanijia yote, nimechelewa.

Jirani akanishauri nikate ethi kwenye plagi za spika. Bahati nikamuuliza kwanza fundi mmoja wa TV kule Kabwe. "Usithubutu. Siku spika ikipiga shoti, ethi utakuwa wewe." Alipofika hakugusa hata spika. Alifungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kimya. Kumbe nguzo ya dishi ni chuma kilichochimbiwa ardhini, na spika nazo zina ethi ya plagi, basi umeme wa nyumba, hezi 50, unapata kiduara cha kuzungukia kupitia waya wangu wa sauti.

Nikajua waya za elfu themanini ni utapeli mtupu. Nyota moja, na hiyo ya huruma.

Lakini akafungua kile kichwa cha kugeuzia, akagusisha mita pini ya kwanza (ya wavu) na ya tatu (ya waya wa pili wa sauti). Piii. Ndani palikuwa na daraja la risasi la kulehemia, dogo kama punje ya ulezi, limezifunga pamoja. "Balansi yako imefia hapa." Akalikata, na la kichwa cha pili pia, akarudisha dishi. Nikaweka sikio kwenye spika: fff ya mbali tu. Dakika kumi, elfu tano.

Kwa hiyo waya ni nzima na maelezo ya jamaa yalikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi! Angeniuliza tu, "una dishi?"

Kama vyombo vyako viko kabati moja, waya mita moja, na hakuna mvumo, baki na RCA, usidanganywe. Kama una dishi au waya mrefu, nunua za pini tatu, lakini si kwake. Tatizo ni kwamba kwingine nilikozunguka sijaziona, na sasa nataka kupeleka spika barazani, mita kumi na tano. Nitamtuma mpwa wangu.