Sefu ya kuhifadhia bastola nyumbani: sisi wa Tukuyu tuanze na unyevu

Mwezi wa nne mwaka huu nilirudi Tukuyu baada ya wiki tatu za kumuuguza mama Dar es Salaam. Mvua ilikuwa haijakatika. Nilifungua sefu nichukue daftari la mauzo ya parachichi, na kilichonipokea ni harufu ya ukuta mbichi, kama chumba kilichopigwa plasta jana. Bastola yangu nayo, niliyoifuta na kuipaka mafuta kabla ya kuondoka, ilikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa juu ya ile sehemu inayorudi nyuma unapokoki, vidogo kama punje za ulezi. Kwenye magazini, risasi nne za juu zilikuwa zimeota ukijani kuzunguka shingo ya ganda, pale kichwa kinapoingilia. Nilikaa kitandani nikiishika ile magazini na sikuamini. Sefu yenyewe niliinunua Mbeya mjini miezi saba kabla, kwa shilingi 720,000, na muuzaji aliniapia kwamba hata nyumba ikiungua yote, vilivyomo ndani vitatoka salama.

Kuhusu moto alisema kweli kwa sehemu, na kosa lote lilianzia hapohapo.

Sefu ya kuzuia moto haijengwi kwa chuma kitupu. Kati ya bati la nje na bati la ndani kumejazwa mchanganyiko wa jasi au wa saruji wenye maji ndani yake. Jasi peke yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa humo. Moto ukija, maji hayo yanageuka mvuke na kupooza ndani, na ndiyo maana hati ya kiwanja inapona. Lakini siku ambazo hakuna moto, yaani karibu siku zote za maisha yako, kuta hizo zinapumua unyevu kidogo kidogo ndani ya kasha lililobanwa mlango kwa mpira. Hewa haitoki wala haiingii. Chuma kinaanza kuliwa kwa kasi hewa inayokizunguka ikizidi unyevu wa asilimia 60 hivi, na kwa silaha inatakiwa ibaki kati ya 40 na 50. Nilinunua kipima unyevu kidogo chenye uso kama wa saa, nikakilaza ndani usiku kucha. Asubuhi kilisoma asilimia 81.

Kwa hiyo ukubwa, uzito na rangi sitavigusa. Hivyo kila muuzaji atakuimbia mwenyewe. Ninachotaka umwulize, na umwulize kabla hujatoa pesa, ni hiki: ndani ya kuta kuna nini? Akishindwa kujibu, gonga ubavu kwa kifundo cha kidole. Chuma kitupu kinalia. Kilichojazwa kinanyamaza kama ukuta.

Swali hili lina uzito tofauti kulingana na unapoishi. Dada zangu wa Iringa mjini mna hewa kavu kwa miezi mingi, mnaweza kuishi na sefu ya moto mkiitunza. Lakini kuanzia Njombe, ukaja Mbeya hadi hapa kwetu Rungwe, hali ni nyingine. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi ya kukunja vidole, mchana jua linawaka. Kitu cha chuma kilicholala kwenye baridi ukikiingiza jikoni penye joto kinatoa jasho kama chupa ya soda. Futa, acha kizoee joto la chumba, ndipo ukifungie.

Kwangu chaguo la kwanza ni Yale, ile sefu ya kawaida ya chuma kitupu isiyo ya moto, na sifichi kwamba naipenda. Jina hilo linatokana na Linus Yale wa Marekani, aliyesajili kufuli yake ya vipini (vijiti vidogo ndani vinavyosukumwa na meno ya ufunguo) mwaka 1861, na vitasa vingi vya milango yetu mpaka leo vinafuata kanuni ileile. Sefu yake ndogo inatumia namba ya siri na betri nne za AA, ina ufunguo wa dharura betri zikifa, na ina matundu ya kuifunga ukutani kwa bolti. Nilipobadilisha nilikiweka kipima kilekile ndani yake, chumba kilekile, wiki ya mvua vilevile: 63. Nikaongeza dawa ya kunyonya unyevu, ikashuka hadi 48 na ikatulia. Hilo tu limenitosha kuisifu. Ufunguo wa dharura usiuweke ndani ya sefu (watu wanafanya hivyo, tena wengi), na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto, maana mtoto ndiye wa kwanza kuijaribu.

Bolti zina neno lake. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, na fundi akitoboa bila uangalifu tofali linapasuka na bolti inabaki inacheza. Mwambie atoboe katikati ya tofali, si kwenye udongo wa maungio. Pia usiibandike sefu kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala usiilaze juu ya sakafu ya saruji moja kwa moja, kwa sababu saruji inapandisha maji kutoka ardhini. Mimi niliweka vipande viwili vya mbao ya mkaratusi chini, na nyuma nikaacha nafasi ya kupitisha kidole.

Ya pili itawashangaza wengine: kasha la kuchomelewa na fundi wa hapahapa. Fundi mzuri, bati nene, bawaba za ndani, kufuli ya maana. Uzuri wake ni kwamba unaagiza unachotaka. Mwambie asiweke sponji ndani. Sponji inanywa maji na kuyashika, na bastola iliyolala juu yake inaoza upande wa chini huku upande wa juu unang'aa. Weka rafu ya mbao iliyokauka vizuri. Ubaya wake ni kwamba fundi anajua ulichoagiza na nyumba unayokaa, kwa hiyo chagua mtu unayemfahamu na usimwambie ni ya nini.

Ya tatu ni sefu ya moto. Kama unayo tayari, usiitupe. Weka hati, vyeti na pesa, uifungue mara kwa mara ipate hewa. Silaha iondoe.

Visanduku vya bei ya chini, vya shilingi 90,000 vyenye bati la kukunjika, havifungii silaha. Nimemaliza.

Sasa hiyo dawa ya kunyonya unyevu. Ni silika jeli, zile punje za kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti vya viatu vimeshanyonya vya kutosha vikiwa safarini, havitakusaidia. Nunua punje za rangi ya chungwa ambazo zikishiba zinageuka kijani, uzifunge kwenye kitambaa cha pamba. Zikigeuka, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, zinarudi rangi yake. Za bluu ziache, zina kobalti, na hiyo si ya kuingia jikoni kwako. Mfuko wa ngozi wa bastola nao utundike nje ya sefu. Ngozi inashika maji, na dawa zilizoilainisha ndizo zinazoifanya shaba ya risasi iote ukijani. Mafuta natumia Ballistol ya Ujerumani, kitone kimoja kwenye kitambaa, na kamwe siyanyunyizii risasi: mafuta yanapenya hadi kwenye fataki (kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti) na kuiua, ukabaki na risasi isiyolia.

Zile risasi nne zilizoota ukijani nilizipeleka kituo cha polisi na kuzikabidhi. Nasema hivi kwa sababu mama mmoja wa Mafinga ameniuliza kama anaweza kuzisugua, au kuzifungua abadilishe baruti na fataki, kwa kuwa ameona Wamarekani wakijaza maganda yao nyumbani. Dada yangu, wenzetu wale wana mashine, mizani ya kupima sehemu ndogo kabisa za gramu na majedwali ya viwanda vya baruti, na bado baruti ikizidi kidogo mtutu unapasuka mkononi. Hapa kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Nunua mpya kwa muuzaji aliyesajiliwa, kwa kibali chako, uzitunze zisioze.

Na hawa wauza sefu wana la kunijibu. Nilirudi dukani na picha na kipima changu. Niliambiwa dhamana ni ya kitasa tu, kutu ni uchafu wa mteja. Nikaomba risiti mpya ya mashine, maana ile ya kwanza maandishi yalikuwa yamefutika, nikaambiwa mtandao uko chini. Sefu ileile niliyolipia 720,000, shemeji yangu aliikuta Kariakoo kwa 410,000. Najua kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800 na lori halijazwi mafuta kwa maombi. Lakini laki tatu si nauli ya kasha moja linaloenea kwenye buti ya teksi. Wanajua mtu wa Rungwe hatasafiri siku nzima kwenda kubishana bei, basi wanapanga wanavyotaka, na wanamuuzia mtu wa mvua kitu kinachotoa maji bila kumwambia neno.

Shemeji yangu anapanda basi la Dar mwisho wa mwezi huu. Nimempa hela ya Yale ya pili, ya bunduki ya mume wangu ya kufukuzia nguruwe pori, na nimemfundisha kugonga ubavu.