Selenium au Playwright kwa timu ya Lubumbashi?

Zote mbili ni zana za kujaribu programu za wavuti: hufungua kivinjari zenyewe na kufanya anayofanya mteja: kuingia, kujaza fomu, kulipa, kupata risiti. Selenium ilianza 2004. Playwright ya Microsoft ilitoka 2020.

Tofauti kubwa ni kungoja. Kwenye Selenium, kungoja huko unakuandika mwenyewe, na wengi (tunajuana) huweka tu sekunde tano. Mtandao ukizubaa jioni pale Katuba, kitufe cha "Lipa" kinatokea sekunde ya sita, jaribio linaanguka na programu haina kosa lolote. Playwright haibofyi mpaka kitufe kionekane, kitulie na kikubali kubofywa. Jaribio likianguka, inaweza kukupa rekodi ya kila hatua: picha ya ukurasa pamoja na maombi yaliyokwenda kwa seva.

Ila Playwright inapakua vivinjari vyake, mamia ya megabaiti. Anayenunua mega kwa simu atalalamika. Unaweza kuielekeza kwenye Chrome iliyopo. Selenium hutumia kivinjari ulichonacho, na wanaoandika kwa lugha ya Ruby hawana toleo rasmi la Playwright.

Mimi nachagua Playwright kwa majaribio mapya. Ya zamani yanayopita, yaacheni yalivyo.