Boliti ya oili imekula meno? Huyu mzee wa Changamwe nimemkubali

Boda yangu ya 150cc ilikuwa inavuja oili kila nikiiegesha, kumbe yule kijana wa gereji ya kwanza alikaza boliti ya kumwagia oili kwa spana ndeeefu mpaka meno ya tundu lake kwenye injini yakaliwa, yani unazungusha inazunguka tu haishiki, na dawa yake akaizungushia utepe mweupe wa fundi bomba, wallahi nilichoka. Chini ya injini ni alumini na boliti ni chuma, lazima laini ndo iumie.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Changamwe, kibanda kidogo kichafu ile mbaya, lakini kazi yake weee. Habari ya kutia boliti nene zaidi hakutaka hata kuisikia, akasema ami hapo unanunua siku tu, tutie helikoili, yani springi ya chuma inayokaa ndani ya tundu iwe ndo meno mapya. Akatoboa pole pole, akachonga njia ya hiyo springi na tepu, kile chuma cha kuchongea meno, aliyoipaka grisi ili unga wa alumini ugande hapo usiingie ndani, kisha akazungusha ile springi ya chuma, akavunja kijimkia chake akakitoa na koleo akanionyesha. Halafu akapitisha oili rahisi kidogo isafishe, akatia washa mpya ya shaba, kile kipete cha chini ya boliti, akamalizia kukaza na spana fupi.

Shida yake ni mwenda pole, nimekaa toka saa nne mpaka alasiri, na 1,500 hapunguzi hata ulie. Wiki ya tatu hii, usiku naweka kadibodi chini ya injini, asubuhi kavu.